Aliyeganda ana duka, shujaa halali usingizi

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni sajini mstaafu, naishi Gongo la Mboto. Nilikuwa ulinzi wa amani nje ya nchi, naongoza seksheni. Siku moja msafara wetu ulishambuliwa njiani. Kijana mmoja aliganda nyuma ya tairi, macho wazi, namwita kwa jina hasikii. Nikamwita mwoga palepale, mbele ya wenzake. Mwingine, koplo, alifanya kazi kama mashine, akabeba majeruhi wawili, na usiku ule akatuchekesha mpaka tukasahau. Nikamwandikia ripoti nzuri. Huu ni mwaka wa nne. Yule aliyeganda anauza spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kaoa, ana mtoto, hana neno. Koplo halali. Mkewe kaniambia hospitali wametaka mtu aliyekuwepo aeleze mumewe alikuwaje siku ile. Je, nilichokiona kina uzito wowote, ikiwa wote wawili niliwasoma kinyume? Na yule kijana, nimwendee?

JIBU: Afande, salaam nimezipokea.

Nianze na hilo la kuwasoma watu kinyume, maana naona ndilo linalokuuma kuliko hata ombi la hospitali. Laiti ungenipigia simu jioni ileile ukaniuliza yupi wa kuangaliwa zaidi, ningekutajia yule aliyeganda. Wala nisingekuwa nabahatisha. Mwaka 1982, Israeli ilipoingia vitani Lebanon, wapo askari walioshindwa kuendelea wakiwa uwanjani kabisa. Wengine waliduwaa, wengine walitetemeka na kulia, wengine hawakujua wako wapi. Waganga wa jeshi waliwaona na kuwaandika siku hizohizo. Mtafiti Zahava Solomon na wenzake wakawafuatilia, wakawalinganisha na askari waliopigana vita hivyohivyo bila kuonekana wakiyumba. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 walioandikwa kwamba walielemewa, 59 walikuwa na maradhi ya msongo baada ya kiwewe, haya ambayo hospitalini utasikia yakiitwa PTSD. Upande wa pili walikuwa 16.

Kwa hiyo jicho la mwenzio vitani linaona kitu cha kweli. Lakini zigeuze namba hizo. Katika kila 100 walioelemewa mbele ya macho ya watu, 41 mwaka ulipoisha hawakuwa na maradhi hayo. Kijana wako wa Gerezani anaweza kuwa mmoja wao bila muujiza wowote. Halafu chukua kombania ya watu 100, tuseme 10 walielemewa na 90 walionekana imara. Kwa viwango vile vya Lebanon, katika wale 10 wataumwa kama 6. Katika wale 90 wataumwa kama 14. Hesabu ya kombania ni mfano wangu wa kalamu na karatasi, ila inaonyesha jambo ambalo viongozi wengi wa vikosi hawalitegemei: wagonjwa wengi watatoka kwenye kundi ambalo hakuna aliyelitilia shaka, kwa sababu tu kundi hilo ni kubwa. Koplo wako anatoka huko.

Sasa, siku ile ulikuwa unaangalia nini hasa? Sisi mtaani tuna neno moja la kubebea kila kitu: kapagawa. Kumbe ndani yake mna mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuelemewa, ambako mwili wenyewe unatoa taarifa: mikono inatetemeka, miguu haitii, mtu analia, au anakimbilia kulekule risasi zinakotoka. Hilo hata kuruta analiona. La pili ni fahamu kujitenga. Mtu yupo na hayupo. Sauti anazisikia kama redio ya nyumba ya jirani. Muda unavutika, dakika inakuwa saa, au saa nzima inapotea na hairudi. Anajiona kwa juu, kana kwamba anamtazama mtu mwingine akibeba machela. Mikono inafanya ilichofundishwa depo, mwenyewe hayumo.

Hali hii ya pili ina sura mbili kwa anayetazama kutoka nje. Wakati mwingine ni macho yaliyokodoka nyuma ya tairi. Wakati mwingine ni kazi safi, isiyo na kosa, “kama mashine”. Hayo ni maneno yako, afande. Charles Marmar na wenzake huko Marekani walitunga dodoso la kupima hali hii, wakalitumia kwa wanaume waliopigana Vietnam na kuchapisha matokeo mwaka 1994. Katika maswali ya dodoso hilo, moja linauliza kama mtu alijikuta akifanya mambo ambayo hakuwa ameamua kuyafanya, kama chombo kinachojiendesha chenyewe. Koplo wako angeulizwa swali hilo usiku ule badala ya kupongezwa, sijui angejibu nini. Labda angecheka tu. Lakini hakuulizwa, na simlaumu mtu.

Utaniuliza: si aulizwe sasa? Ataulizwa, na jibu lake litasikilizwa. Tatizo ni kwamba jibu la leo linatoka kwa mtu wa leo, asiyelala, anayetafuta maana ya kutolala kwake. Mwaka 2003 Emily Ozer na wenzake walikusanya tafiti 68 kuhusu vitu vinavyotabiri maradhi haya. Kujitenga kwa fahamu wakati wa tukio ndiko kulikoongoza, kwa uhusiano wa 0.35, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Hapo ni rahisi kushangilia. Ukiipiga hesabu, namba hiyo inaeleza kama 12 kwa 100 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu, na zilizobaki zinatoka kwingine. Isitoshe, sehemu kubwa ya tafiti za aina hii ziliwauliza watu baada ya miezi au miaka, wakiwa tayari wanaumwa au hawaumwi. Mgonjwa anakumbuka siku ile kwa macho ya ugonjwa. Aliyepona anaikumbuka kwa macho ya kupona.

Wala kumbukumbu hizo si uongo, ila zinatembea. Steven Southwick na wenzake waliwauliza askari wa akiba 59 waliorudi kutoka Vita vya Ghuba, mwezi mmoja baada ya kurudi na tena baada ya miaka miwili, maswali yaleyale 19 ya ndiyo au hapana: uliona mwenzio akiuawa, ulirushiwa risasi, na kadhalika. Haya si maswali ya hisia, ni ya mambo yaliyotokea au hayakutokea. Watu 88 kwa 100 walibadilisha jibu la swali moja au zaidi. Saba katika kumi walitaja baada ya miaka miwili kitu ambacho mwezi wa kwanza walisema hakikuwapo. Na walioongeza zaidi “ndiyo” mpya ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za maradhi. Ndiyo sababu hospitali inakutafuta wewe. Hawamshuku koplo. Wanatafuta ncha ya pili ya kamba.

Ila na wewe, afande, ulikuwa mulemule motoni.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Huko Marekani jeshi lina mafunzo ya kuishi mateka ambamo askari wanahojiwa kwa ukali wa kweli, pamoja na kubanwa mwili. Charles Morgan alitumia mafunzo hayo kufanya jaribio kwa askari zaidi ya 500, akalichapisha mwaka 2004. Kila mmoja alikaa ana kwa ana na mhojaji kwa muda usiopungua nusu saa, mwanga ukiwapo. Kesho yake, baada ya kulala na kula, akaonyeshwa watu wamesimama mstari na kuambiwa: mtaje. Katika mahojiano ya upole, kama sita katika kumi walimtaja sahihi. Katika mahojiano makali walikuwa watatu katika kumi. Hawa ni askari waliopikwa wakaiva, wanaangalia uso mmoja, na waliulizwa kesho yake tu. Wewe ulikuwa na seksheni nzima, redio, moshi na majeruhi, na unaulizwa mwaka wa nne.

Kuna na hitilafu nyingine isiyohitaji hata risasi. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliionyesha mwaka 1920, tena kwa maofisa wa jeshi waliokuwa wakiwapa alama askari wao. Ofisa akimkubali askari kwa jambo moja, alama zake zote zinapanda pamoja: akili, umbo, uongozi, tabia, kana kwamba mtu ni ndoo moja ya maji. Ulipomwona koplo anabeba wa pili, ripoti yako ilikuwa imeshajiandika. Kicheko cha usiku ukakiweka kwenye safu ya ujasiri, maana hapakuwa na safu nyingine iliyobaki wazi.

Nakwambia haya kwa sababu nimeyafanya mwenyewe. Wewe wa Gongo la Mboto huhitaji kusimuliwa usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la mabomu lilipolipuka. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru. Nilikuwa bado mwanafunzi, nimejitolea kuandika majina. Kwenye ngazi za jukwaa alikaa mzee mmoja na sufuria ya wali mapajani, imefunikwa kwa sahani ya bati. Kila nilichouliza alijibu: jina, mtaa, watoto wangapi, wako na nani. Akanikumbusha hata niandike tarehe. Kwenye karatasi nikaandika “mtulivu, anatoa ushirikiano”, nikamkimbilia mama aliyekuwa akipiga mayowe mstari wa chini. Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mzee yule kliniki. Hakunikumbuka mimi, hakuukumbuka uwanja. Alikumbuka tu kwamba alikuwa ameshika kitu na hakutakiwa kukiweka chini. Pajani alikuwa na kovu la mviringo, ukubwa wa kitako cha sufuria. Ilikuwa imetoka jikoni ikichemka, na aliibeba hivyo bila kusikia moto. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja, na kalamu, bila hata risasi moja, nikaandika “mtulivu”. Yule mama wa mayowe sikumwona kliniki tena, na natumaini ni kwa sababu hakuwa na haja.

Neno “mtulivu” halikumdhuru mzee. Neno lako wewe, “mwoga”, lina historia mbaya zaidi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa kutoroka, kwa woga na kwa makosa ya namna hiyo. Ushahidi mahakamani ulitoka kwa maofisa na masajini waliosema walichokiona: alitupa bunduki, hakuitikia amri, alikutwa anazurura nyuma ya mstari. Daktari Charles Myers alishaandika kuhusu askari wa hali hiyo katika jarida la Lancet tangu 1915, lakini kesi ziliendelea. Mwaka 2006 Uingereza iliwapa msamaha 306 kati yao, wakiwa wamelala kaburini karibu miaka tisini. Wale mashahidi inawezekana kabisa hawakusema uongo. Waliona kuganda, wakatamka nia. Kuganda kunaonekana. Woga ni tafsiri.

Hata sisi wa upande wa tiba tulichelewa. Kuanzia 1994 mwongozo wa utambuzi wa Wamarekani, unaotumika na kufundishwa hata huku kwetu, ulidai kwamba ili mtu ahesabiwe kuwa na maradhi haya, lazima wakati wa tukio awe alihisi hofu kali, au kukosa la kufanya, au kutishika. Askari wakawa wanarudi kutoka Iraki wakisema: sikuhisi chochote, nilifanya nilichofundishwa. Au: nilihisi hasira tu. Na bado walikuwa wagonjwa sawa na wenzao. Toleo la 2013 likaliondoa sharti hilo. Koplo wako angefika kliniki kabla ya hapo na kukutana na daktari mshika kitabu, angeambiwa hakuogopa vya kutosha.

Basi nini cha kuandika. Kwanza, usiandike neno kabla koplo mwenyewe hajaridhia. Mkewe kukuomba hakutoshi, na hili ni la heshima na pia la sheria za kazi yetu. Pili, andika kabla hamjakaa pamoja kulizungumza tukio. Najua mtatamani. Lakini mkishalizungumza, hadithi zenu zitaungana, na daktari atapokea hadithi moja yenye sahihi mbili. Yeye asimulie yake huko, wewe uandike yako huku.

Halafu uandike macho, mikono, sauti na saa. Sifa ziache. Tuseme ulikuwa umeandika “alikuwa jasiri na makini”. Futa. Andika kwa mfano hivi: “Nilimwona mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anamvuta majeruhi kwa mshipi. Nilimpigia kelele apite kushoto, akapita kushoto, lakini hakugeuka wala hakuitika. Baada ya hapo sikumwona, labda dakika kumi, sina hakika. Mara ya pili alikuwa anafunga jeraha ambalo mwenzake alikuwa ameshalifunga. Mara ya tatu ni baada ya kimya, amesimama, mikono imelegea, nikamuuliza tuko wangapi, akasema tuko sawa.” Huo ni mfano, usininakili. Lakini ona kilichomo: alitii bila kuitika, alirudia kazi iliyokwisha, alijibu swali ambalo hakuulizwa. Hakuna hata moja linalomwondolea ujasiri wake. Yote yanamsaidia daktari kuliko neno “jasiri”.

Na dakika zile ambazo hukumwona ziandike kwamba hukumwona. Shahidi anayejaza mapengo ndiye anayetupoteza. Uliyoyaona, uliyoambiwa na wenzako, na unayoyafikiri leo, weka kila fungu aya yake.

Kicheko cha usiku ule nacho kiandike, ila kwa undani. Alicheka nini? Alikuwa anasimulia kitu kimoja tena na tena? Alikula? Alinawa? Sare yenye damu aliivua saa ngapi, au alilala nayo? Wanajeshi hucheka baada ya mapigano, na kicheko chenyewe hakiniambii kitu. Mtu anayechekesha wenzake huku hajanawa mikono ananiambia.

Sasa nikwambie ninachokihitaji kuliko saa ile yote ya risasi, na ambacho nadhani hukufikiria kukiandika: wiki nne zilizofuata. Tafiti zilizoanza kuwafuata watu mapema, kabla hawajajua wataumwa au la, zinaonyesha kwamba ukishahesabu dalili za siku na wiki za mwanzo, kujitenga kwa fahamu wakati wa tukio kunabaki na uzito mdogo sana wa kutabiri chochote. Yaani mtu anaweza kutoka nje ya mwili wake kwa nusu saa na kurudi salama. Swali ni kama alirudi. Je, koplo alianza kujitolea lindo la usiku, kila usiku? Alikwepa gari lile, au njia ile? Alikuwa mkali kwa jambo dogo, chai imepoa? Aliacha kuongea na nyumbani? Ulimwona akishtuka mlango wa kontena ukibamizwa? Wewe ulikuwa unalala nao, unakula nao. Hayo daktari wa Dar hawezi kuyapata popote ila kwako, na kwa hayo ulikuwa umetulia zaidi kuyaona kuliko siku ya shambulio. Ukitaka nikupangie kurasa, kwa siku ya tukio ukurasa mmoja, kwa mwezi uliofuata miwili.

Kama dalili zilijikamilisha baada ya miezi sita au zaidi, hilo nalo linajulikana, lina nafasi yake kwenye utambuzi. Asije mtu akawaambia kwamba miaka imepita kwa hiyo ni kurogwa au ni pombe. Pombe inaweza kuwapo. Mara nyingi imekuja kutafuta usingizi.

Kwa wasomaji wangu ambao bado wamevaa sare, nipitie kidogo pembeni. Mwenzako akiganda mbele yako, yapo mafunzo mafupi yaliyoanzia jeshi la Israeli na baadaye yakachukuliwa na Wamarekani, ya kumrudisha kazini kwa muda usiozidi dakika moja. Msogelee aone uso wako, mshike mkono au bega. Mwambie uko naye. Muulize vitu vyenye jibu la hakika: sisi ni wangapi, jina la kamanda nani. Mpangie mambo kwa mfuatano, tulishambuliwa, sasa tunajibu, tukimaliza tunaondoka. Mpe kazi moja ndogo. Kumtukana hakumo, na sababu si adabu: mtu aliyejitenga hahitaji kelele nyingine juu ya kelele alizozikimbia, anahitaji kitu cha kushika. Haya hayatibu maradhi ya baadaye. Yanamtoa nyuma ya tairi.

Sasa wewe. Umeandika habari za koplo na za kijana, na sentensi hata moja juu ya usingizi wako huna. Mwaka 2020 Amy Adler na wenzake walichapisha majibu ya askari 497 wa Marekani waliowahi kuwa vitani. Karibu nusu walikuwa wameshuhudia mwenzao akielemewa katikati ya mapigano, na kama 17 kwa 100 walisema huenda iliwahi kuwatokea wenyewe. Walioshuhudia mara nyingi walikuwa na dalili zaidi za maradhi haya. Kumwangalia mtu akiondoka huku macho yake yako wazi ni tukio kwako pia, hasa kama wewe ndiye unayewajibika naye. Ukienda kupeleka maelezo ya koplo, omba na wewe dakika ishirini na daktari. Usimwambie mtu kama hutaki.

Upande wa tiba sitarefusha, maana koplo ameshafika mikononi mwa watu. Mkewe ajue tu kwamba maradhi haya yanatibika, na kwamba tiba kubwa ni mazungumzo yenye utaratibu, dawa zikisaidia pale zinapohitajika. Akipewa vidonge vya usingizi peke yake kwa miezi na miezi, aulize. Mojawapo ya tiba hizo ilijaribiwa jirani hapa, kambi ya Imvepi nchini Uganda, kwa wakimbizi 43 wa Sudan, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka, waliosaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, 29 kwa 100 walikuwa bado na maradhi. Kwa waliopata ushauri wa kawaida tu walikuwa 79. Mgonjwa anawekewa kamba sakafuni, ndiyo maisha yake, anaweka ua kwa kila jema na jiwe kwa kila baya, kisha wanaanza kusimulia tangu mwanzo wa kamba. Maelezo yako yatamsaidia mtaalamu akifika kwenye jiwe la siku ile. Lakini jiwe ataliweka koplo mwenyewe, na kama atasema liko pembeni kidogo ya ulipoliweka wewe, usibishane naye.

Na mke, kama analala chumba kimoja na mtu anayeruka fataki za mwaka mpya zikilia au bodaboda ikitoa mlipuko, asimguse akiwa usingizini. Amwite kwa jina, akiwa mlangoni, taa imewashwa.

Nimebakiwa na kijana wa Gerezani. Kumbuka anauza spea Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe lilibaki kutoka Carrier Corps, wapagazi wa vita ileile ya 1914. Wale walibeba, wengi hawakurudi, na wapo watakaokuwa waliganda porini bila mtu wa kuwaandikia chochote. Huyu amerudi, ana duka na mtoto. Namba za Lebanon zinaruhusu awe mzima kweli. Haziruhusu wewe kwenda kumchunguza.

Mwendee, ndiyo. Nenda siku ya kazi, asubuhi, wateja hawajajaa. Nunua kitu kwanza, hata plagi ya pikipiki, umpe nafasi akutambue mwenyewe. Akikupa kiti, kaa, mwambie kwamba neno ulilolitamka siku ile halikuwa la haki, na kama angependa uliseme hivyo mbele ya wenzenu wa seksheni, utawapigia simu. Usimuulize analalaje. Na akikutazama akakwambia hakumbuki kabisa kuitwa mwoga, usimshikilie umkumbushe. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulikuwa unamwita, na alikuwa hasikii.